Mstari wa Tatu

12 Januari 1996

Mdogo wangu Wino,

Marahaba, tena marahaba, maana shikamoo yako imechelewa sana kufika. Barua yako ya Novemba niliipokea mlangoni, uzi ukiwa bado mdomoni. Nikasoma mstari wa kwanza nikakaa chini sakafuni kama mtoto. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake alidhani nimeletewa habari ya msiba. Nikamwambia hapana mama, leo msiba umerudi ulikotoka. Akanitazama, akachukua gauni lake bila kulijaribu, akaondoka.

Huku wazima. Shemeji yako bado anatengeneza magari ya watu, na la kwake tunalisukuma kila asubuhi mimi na yeye na jirani yeyote atakayekosea kutoka nje saa hiyo. Cherehani yangu ni ile ile ya miguu, inapiga kelele mpaka paka ameihama nyumba. Mama hajambo. Masikio tu ndiyo yamekwisha kabisa. Ukitaka kumwambia kitu umwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ama umshike bega umwonyeshe kwa mikono. Macho anayo, na anayatumia kuliko inavyotakiwa.

Sasa nina swali linalohusu kazi yako. Chale ya zamani, iliyochomwa kwa sindano na masizi kwenye mkono wa mtu mzima, inaweza kufutika? Yaani isionekane kabisa, hata kwa mtu anayejua ilipokuwa. Usiniulize ni ya nani. Nijibu tu, na ujibu upesi kuliko ulivyozoea.

Halafu mwandiko wako umeharibika. Herufi zimelala kama zimelewa. Huko hamna meza?

Naishia hapa kwa kuwa cherehani inaniita.
Dada yako.


20 Februari 1996

Dada, shikamoo.

Nimecheka peke yangu mpaka bosi akatoka nyuma ya pazia kuangalia kuna nini. Kwa hiyo nani amejiandika jina lake kwenye mkono wako? Shemeji anajua? Usiogope, siri yako iko salama na mimi, nitaitangaza siku nikija tu.

Mimi mzima. Chumba chetu cha kazi kina viti viwili vya daktari wa meno, taa yenye shingo ndefu, na ukuta mzima wa michoro. Kutwa ni mlio wa sindano na harufu ya sabuni. Ungewaona watu wanaokalia hivyo viti! Yupo baharia anayeongeza ndege mmoja kifuani kila akivuka bahari kubwa akarudi mzima. Yupo kijana aliyechorwa paja zima kwao, kwa kitu kama kitana kinachogongwa kwa kijiti, na jamaa zake wote wamemshika mikono asitoroke, maana ukiacha katikati ni aibu ya ukoo. Yupo mzee mwenye maombi mgongoni yaliyoandikwa na mtu wa dini, na anasema risasi imeshampita mara moja. Na kuna mama mmoja mwenye mistari kidevuni, anakuja tu kunywa chai na bosi. Kwao msichana haitwi mwanamke mpaka awe nayo. Nikimtazama huwa namkumbuka mama.

Kuhusu swali lako, kufuta ni maneno ya matangazo. Ipo mashine ya mwanga inayovunja wino, lakini masizi yaliyochomwa kwa mkono yamezama huku na huku, na ngozi ya mtu mzima itabaki na kovu pale pale palipokuwa na mstari. Anayejua ilipokuwa ataiona daima. Kinachowezekana ni kufunika. Juzi mwashi mmoja jina la mke wa kwanza limegeuzwa samaki. Sasa mke wa pili anamchukia samaki.

Dada, umeandika kurasa tatu. Cherehani imepata nafasi yake, gari la shemeji limepata, hata paka kapata. Mama amepata masikio tu. Aliposoma barua yangu alisema nini?

Wako mdogo, anayesubiri kwa hamu,
Wino.


30 Machi 1996

Mdogo wangu,

Nimekuwa nikianza barua hii na kuichana tangu yako ifike. Shemeji yako anasema nitamaliza karatasi zote za mtaa. Basi leo naiandika moja kwa moja na siirudii kuisoma.

Mkono ni wa mama.

Unajua chale zake za ndani ya mkono wa kushoto. Wanawake wa kwao hawazipigi kwa urembo. Kila mtoto unayemzika unachomwa mstari mmoja, hapo unapolaza kichwa cha mtoto ukimnyonyesha. Ulipoondoka ilikuwa miwili. Mmoja wa kaka yetu ambaye hakufikisha mwezi, mmoja wa dada yetu aliyekwenda na surua. Sasa ni mitatu.

Usianze kuhesabu nani amekufa. Wa tatu ni wewe.

Mwaka juzi alikuja mtu aliyekuwa mpishi wa meli, anatafuta nyumba yetu mlango kwa mlango. Akasema duka la tatuu kwenye mji wako limeungua, na yule mchoraji wa kwetu amefia ndani. Hakukujua kwa sura, alikujua kwa kazi. Tukaandika barua mbili kwenye anwani yako. Zote mbili zilirudi na muhuri. Tukakaa matanga bila maiti. Mama hakulia mbele za watu. Matanga yalipoisha alimwita yule bibi wa kwao, akakaa naye chumba cha nyuma na sindano na masizi ya taa, na alipotoka mkono ulikuwa umefungwa kitambaa. Yule bibi naye amekwisha kufa.

Halafu Novemba inakuja barua yako. Nilikimbia nayo chumbani kwake nikimwonyesha kwa mikono, hai, hai, yuko hai! Aliichukua, akaitazama bahasha mbele na nyuma, akanirudishia. Akasema, “Huu si mwandiko wake.” Nikamwambia asome. Akasema, “Mwandiko wa mwanangu naujua, nilimfundisha mimi. Kuna mtu anatuchezea.” Tangu siku hiyo hajataka kuiona. Kakunja uso, na ukimjua mama akikunja uso unajua.

Na kuna jambo la pili ambalo nimelificha hata kwa cherehani. Nina mimba, miezi minne. Unakumbuka zile mbili zilizotoka kabla hujaondoka, na nilivyokuwa. Hii imeshika. Lakini mama alipoliona tumbo alirudi nyuma. Hakufurahi, Wino, alirudi nyuma hatua kabisa kama ameona nyoka. Kwao, mstari ukipigwa na maiti hakuonekana, mstari ule unabaki mtupu. Unatafuta wa kuujaza. Kwa hiyo akikubali kwamba wewe uko hai, mstari ni wa mwanangu. Na asipokubali, wewe umekufa. Ananiogopa mimi mwanawe! Hanigusi. Nikipita kwenye ujia anajibana ukutani. Chakula anakula baada yangu ili tusikutane mezani.

Mimi siamini hayo, nakuambia wazi. Mchana siamini. Lakini naishi nyumba moja na mtu anayelitazama tumbo langu kama jeneza, na nimechoka.

Njoo. Hakuna dawa nyingine. Njoo usimame akuone. Kama huwezi, tuma picha ya sasa hivi, si ile ya shule.

Dada yako.


2 Mei 1996

Dada, shikamoo, na hongera, na pole. Sijui nianze na lipi.

Kwanza hilo la mtoto. Nimefurahi mpaka nimemwambia bosi, na bosi akamwambia kila mteja, kwa hiyo huku kuna mabaharia wanakuombea. Kaa, usisukume gari la shemeji. Mwambie alisukume peke yake, ni lake.

Pili, mmenizika. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Naenda kazini, narudi, naosha bakuli langu, na mkononi mwa mama niko chini ya ardhi. Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikaona aibu kukasirika.

Kuja ni kugumu. Kuna mambo ya karatasi za ukaazi, na bosi ana wafanyakazi wachache msimu huu, na mambo mengine madogo madogo. Usinifikirie vibaya. Nimetuma picha, nimepigwa juzi dukani. Kama unavyoona nimenenepa, na ndevu zimekataa kuota upande mmoja.

Nimemweleza yule mama wa kidevu habari zetu. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Akasema kwao pia alama haifutwi, anayefuta anamtukana aliyeipiga. Kwao alama hujibiwa. Unaweka nyingine pembeni yake inayosema mambo yalivyokwenda baadaye. Nimelipenda hilo. Basi nakutumia kifurushi, kina sindano mpya zilizofungwa na wino mweusi safi. Wewe mkono wako hautetemeki, umeshona mashela ya nusu ya maharusi wa mtaa. Uvute mkato mmoja mdogo unaoukata mstari wa tatu kati. Mstari uliokatwa haudai mtu. Uchome kwa kina cha unene wa ukucha, usizidishe, ngozi uivute kwa vidole vya mkono mwingine iwe kama ngoma. Ukiona damu inatiririka umezama mno. Inatakiwa itoe jasho tu.

Mwonyeshe mama picha, kisha mwambie hivyo. Na mwambie namsalimu, namwamkia.

Wino.


10 Juni 1996

Wino,

Salamu tuziache leo.

Kifurushi kimefika, na picha. Mama aliishika picha muda mrefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliigeuza, akaitazama tena, akaniuliza jambo moja: “Mikono iko wapi?”

Nikaitazama. Kweli. Umepigwa kifuani kwenda juu, na umesimama nyuma ya meza. Nikamwandikia kwamba wapiga picha ndivyo walivyo. Akasema, “Mtu wa mikono, anatuma picha bila mikono.” Akaiweka kifudifudi juu ya kabati.

Nikamwambia habari ya mkato. Nikamwonyesha sindano. Akaniambia, na hii ni mara ya kwanza kusema nami maneno mengi tangu Machi: “Mkono wangu hauchomwi na mtu aliye mzima ili kumsaidia mfu. Kama yuko hai aje ashike sindano mwenyewe. Maiti hawezi kushika sindano.” Akaingia chumbani akajifungia.

Basi nikakaa chini nikazitoa barua zako zote tatu, nikazisoma kama polisi. Hujaandika popote “nimemchora”. Mwashi kageuziwa jina samaki, na nani? Kijana kachorwa kwao. Baharia anaongeza ndege, na ndege hao wana mchoraji? Wewe uliyekuwa ukinichosha kwa kujisifu! Mtoto aliyechora mpaka mlango wa choo! Na nilikuandikia kwamba tuliambiwa duka limeungua na mtu amefia humo. Kurasa nne umenijibu, habari za moto hakuna hata neno. Hukuuliza moto gani. Hukusema ni uongo.

Na wino wako umefutwa-futwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayeburuta kiganja juu ya alichokwisha kuandika. Nimeshona na fundi wa mkono wa kushoto miaka mingi, daftari lake la vipimo lilikuwa hivyo hivyo.

Mkono wako umekuwaje?

Daktari anasema mtoto amekaa chini mno, nilale. Nalala natazama dari. Ukinijibu kwa habari za mabaharia, usiandike tena.

Dada yako.


5 Julai 1996

Wino,

Hujajibu. Niko hospitali tangu Jumanne, nilitokwa na damu. Imesimama. Wamenilaza miguu juu, kichwa chini, naandika karatasi ikiwa juu ya pua.

Shemeji yako analala kwenye benchi nje, ananuka grisi, manesi wamemzoea. Mama hajaja. Anatuma uji kwa jirani, uji mzuri, na yeye haji.

Naogopa. Nimeliandika, basi.

Dada.


28 Juni 1996

Dada yangu, shikamoo.

Umenishika. Siku zote ulikuwa unanishika.

Moto ulikuwepo. Waya wa taa ulishika pazia mchana, watu wawili tukiwa chumba cha nyuma tunachemsha vyombo. Mwenzangu alikuwa mtu wa kwetu, tulikuwa tukiitwa mapacha kwa kuwa huku hawakujua kututofautisha. Ndiye aliyekufa. Mpishi wenu wa meli hakusema uongo, alichanganya tu kama kila mtu alivyotuchanganya. Mimi nilimvuta kwa mkono wa kulia mpaka mlango wa chuma, na chuma kilikuwa cha moto, na niliusukuma. Vidole viwili havipo. Vilivyobaki vimeshikamana na kiganja. Nilikaa hospitali muda mrefu, chumba changu kikapangishwa kwa mtu mwingine, ndiyo maana barua zenu zilirudi.

Sichori, Dada. Duka jipya limefunguliwa na bosi yule yule, hakuniacha. Nafagia, nachanganya wino, naelekeza taa, nawashika mkono watu wanaoogopa sindano. Wananipenda. Kila nilichokuandikia ni kweli, nimekiona kwa macho yangu nikiwa nimesimama pembeni na ufagio. Novemba niliandika kwa sababu ndipo mkono wa kushoto ulipokubali kuandika jina langu likasomeka.

Sasa utauliza kwa nini nimeficha, na kwa nini siji. Soma hapa polepole, kisha uamue mwenyewe kama mama aone.

Asubuhi niliyoondoka, wewe ulikuwa kituoni unapakia begi langu. Mimi nilirudi jikoni kumuaga mama. Alikuwa anaosha masufuria, hakugeuka. Akasema kwao chale ni ya mtu na maiti wake, na mimi nakwenda kuiweka ukutani niwauzie wapita njia. Nikamjibu jeuri. Nikamwambia angalau mimi nitachora walio hai. Hapo akageuka, mikono inadondosha maji, akasema: “Mkono utakaouza chale na ukauke.”

Ukauke, Dada. Ndilo neno alilotumia. Na umekauka. Uone ulivyo, hakuna neno lingine la kuuita.

Mimi siamini kwamba alifanya yeye. Ni waya. Lakini mama ataamini. Nikisimama mbele yake na mkono huu, atajua kwamba alimwapiza mwanawe na laana ikashika. Nikaona bora aniwekee mstari kuliko kujua hilo. Mistari ameshazoea kuibeba, anayo miwili. Hili lingemuua.

Basi. Sina habari za mabaharia.

Wino.


29 Julai 1996

Wino wangu,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilifika nikiwa bado miguu juu. Shemeji yako aliniletea, nikaisoma, nikalia mpaka nesi akaja kupima presha akaniambia nikiendelea ataninyang'anya karatasi.

Nilikaa nayo siku nzima chini ya mto. Uliniambia niamue. Nilikasirika uliniachia mimi, kama kawaida yako, unavunja sahani halafu unanipa vipande nishike. Lakini nilijiuliza, huyu anamlinda mama asijue, mama ananilinda mimi nisiguswe, mimi namlinda mtoto nisiogope, na wote tunakufa kwa kulindana. Jioni nikampa shemeji yako ile karatasi, nikamwambia mpelekee, mpe mkononi, toka nje.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa, nilisikia ugomvi mlangoni. Unajua mama siku hizi anavyosema, kwa kuwa hajisikii anapiga kelele kama mnadi. Mlinzi anamwambia saa bado, yeye anamjibu, “Sikusikii!” na anapita. Wodi nzima iliamka. Alikuja mpaka kitandani kwangu, barua ameiweka kifuani ndani ya blauzi, imelowa jasho.

Akasema, “Maneno yale tulikuwa wawili. Mimi na yeye na sufuria.” Akaitoa barua akaipiga-piga kwa kidole. “Nani mwingine angeyajua? Huyu ni mwanangu. Hata jeuri yake ameiandika.”

Nikataka kumwandikia, nikakosa kalamu. Akakaa kitandani, kitanda kikainama, nesi akapiga kelele, yeye hakusikia. Akaanza kulia, Wino, sijawahi kumwona mama akilia hivyo, hata matangani mwako. Akasema, “Sikuzikasirikia chale. Niliikasirikia safari. Nilikuwa nimezika wawili na wa tatu anabeba begi, nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni.” Alilisema hilo mbele ya kina mama wote, wengine na vitoto vyao wananyonyesha, na hakuna aliyecheka.

Halafu akanyoosha mkono, ule ule wenye mistari, akaushusha juu ya tumbo langu. Mtoto akampiga teke. Akautoa kama ameungua, kisha akaurudisha, na hakuutoa tena mpaka walipokuja kumfukuza.

Nimerudi nyumbani. Anapika, ananisukia nywele, ananikataza kila kitu. Lakini hofu haijamtoka. Usiku namsikia anatembea. Ameniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: “Mwenye mstari aje aukate mwenyewe, kabla mtoto hajatoka. Aje na mkono wowote alionao.”

Mtoto anatarajiwa mwanzo wa Septemba. Sindano zako ninazo, hazijafunguliwa.

Dada yako.


14 Agosti 1996

Dada, shikamoo.

Karatasi za safari zimepatikana. Bosi alikwenda nami ofisi baada ya ofisi, na kwa ile tatuu ya nyoka shingoni mwake hakuna karani aliyethubutu kutuzungusha.

Naja. Naogopa kuliko nilivyoogopa moto. Tangu barua yako ifike najifunza kuchora kwa kushoto, kwenye paja langu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mwenye akili angekubali. Paja limekuwa kama daftari la mtoto wa chekechea. Mkato mmoja tu, mfupi, na siwezi kuunyoosha. Yule mama wa kidevu amekuja kutazama, akatikisa kichwa, akaniambia niendelee.

Mwambie mama asiutazame mkono wa kulia mara moja. Anipe muda wa kuvua koti.

Wino.


3 Novemba 1996

Mdogo wangu Wino,

Marahaba ya kutosha, safari hii imefika kwa wakati.

Mpwa wako mzima. Ananyonya kama analipwa kwa kazi hiyo, na amekwisha kujua kulia kwa sauti ya mama. Shemeji yako ameuza gari. Sikuamini mpaka nilipoona uwanja uko wazi. Anasema hawezi kusukuma gari na kubembeleza mtoto kwa pamoja, na mtoto angalau anawaka.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa, kwa kuwa ungejisikia vibaya mbele ya watu. Siku ile mlipokaa chumba cha nyuma mliniambia nisiingie. Niliingia. Yaani nilisimama penye pazia, na tumbo langu lilivyokuwa sijui kwa nini hamkuniona. Niliona ulivyovua koti umempa mgongo. Nikamwona anakuzungukia, anakaa mbele yako, anauchukua ule mkono wa kulia bila kuuliza, anauweka mapajani mwake kama anavyoweka mchele wa kuchambua. Hakuutazama kwanza. Aliushika tu. Halafu akakunyooshea wake wa kushoto na kukwambia, “Haya, choma.” Na muda wote ule sindano ikitetemeka na wewe ukilia na jasho likikudondoka puani, yeye alikuwa anavipapasa vile vidole vilivyoshikamana, kimoja kimoja. Hakukunja uso hata mara moja. Mtoto akatoka baada ya siku chache tu, analia, hana kasoro, na mama ndiye aliyempokea kwa kitambaa kutoka kwa mkunga.

Sasa nikupe habari za mkono. Kidonda kimepona, umekauka vizuri, wino umekaa. Mama anamwonyesha kila mtu. Anakunja mkono wa gauni bombani, dukani, juzi kampandishia hata mpima umeme. “Tazama alivyouharibu! Mkono wangu wote huu, tazama!” Na watu hawajui wampe pole au hongera. Mke wa jirani yetu, anayejua mambo ya kwao mama, alimwambia kuna mtu anaweza kuurekebisha, afanye mkato wa pili juu yake unyooke. Mama hajamsalimia tangu siku hiyo.

Nilipomwonyesha kwamba nakuandikia, alimlaza mtoto kichwa pale pale penye mistari, akaniomba kalamu kwa mkono wa pili. Nikamwambia nitaandika mimi, akaninyang'anya. Haya hapa chini ni yake, kwa herufi zake kubwa za kuwaandikia viziwi, ingawa kiziwi ni yeye.

UMEPINDA. NJOO UUNYOOSHE.